Mbele ya Fundi Halina Ugonjwa

Kuna magari yanayoharibika hadharani, watu wakasogea, wakasukuma, mambo yakaisha. Langu linaharibika kwa siri. Ni gari la michezo, milango miwili, jekundu, na uvungu wake uko chini kiasi kwamba hakuna tuta la Dar es Salaam lisiloujua. Spidomita imeandikwa mpaka 280. Sheria inaniruhusu 50 mjini, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo inanipa 8, siku ikiwa njema. Hizo 272 zilizobaki nazilipia bima tu.

Hilo ningelivumilia. Linalonimaliza ni kwamba linamisi. Saa kumi na moja jioni, jua limelipiga mchana kutwa, tumebanana pale Morocco, mara injini inaanza kutetemeka na taa ya njano inawaka. Bajaji inapita pembeni, na dereva wake ananipigia honi ya pole.

Asubuhi nalipeleka kwa wakala, maana waranti inasema nikithubutu kulifikisha kwa fundi wa Gerezani, nisirudi kwao kulalamika. Likishaingia geti lile, limetulia kama mtoto mtundu aliyekuta wageni sebuleni. Fundi, ovaroli yake safi kuliko shati langu, anachomeka mashine. Inasoma P0300. Ingekuwa P0301 ingemaanisha silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na mtu angejua pa kushika. P0300 inasema tu kwamba silinda zinakosa moto ovyo ovyo, tafuteni wenyewe. Yaani mashine ya mamilioni imekuja kuniambia kitu ambacho makalio yangu yalishaniambia bure.

“Bosi wetu, tumebadilisha plagi.” Plagi haziko kwenye waranti, nalipa. Likarudi kumisi. “Bosi, ni sensa, tumeagiza Ulaya.” Sensa ikaja kwa mwendo wa jahazi, ikafungwa, likamisi. “Bosi, tumeliwekea programu mpya.” Sasa linamisi kwa programu mpya.

Na kila nikilichukua, taa imezima, fundi anatabasamu, nasaini. Hapo ndipo penye ujanja. Katika magari haya, hitilafu nyingi haziwashi taa zikionekana mara moja. Kompyuta inasubiri izione tena safari nyingine ndipo iwashe. Fundi akishafuta kumbukumbu kwa mashine yake, hesabu inaanza upya. Jioni ya kwanza gari linamisi kimyakimya. Jioni inayofuata taa hiyo, na karatasi yenye sahihi yangu iko kwenye faili lao, imeandikwa “limepona”.

Jirani yangu, mwenye IST ya miaka nenda rudi, alisikiliza mngurumo dirishani kwake akasema: “Koili hiyo.” Nikamjibu kwamba wakala amepima koili, ziko sawa. Akaniuliza: “Amepima saa ngapi?”

Swali la maana hilo. Ndani ya koili kuna nyaya nyembamba za shaba zilizozungushwa. Zikianza kuchoka, ikipoa inatoa moto vizuri, ikipata joto inakata. Wao wanalipima saa mbili asubuhi, limelala usiku kucha kivulini, wanalizungusha mpaka getini na kurudi. Hapo hata mimi niko mzima! Wakati huohuo, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, na masega yakiyeyuka, bei yake utaambiwa ukiwa umekaa.

Basi nikawapigia simu na ombi moja. Sikutaka fidia wala kuonana na meneja. Nilitaka fundi mmoja tu, achukue mashine yake aiweke mapajani, tuondoke naye Posta saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, tukabanane wote mpaka Mbezi. Likianza kutetemeka alione kwa macho yake, aichomoe koili ingali ya moto.

Dada wa mapokezi akanisikiliza kwa heshima zote, akaenda kuuliza, akarudi kwenye simu.

“Samahani sana, bosi. Saa kumi na moja haiwezekani. Mafundi wetu wote saa hizo wanakuwa kwenye foleni.”