Sifa za Mavi ya Chuma

Wengine wameimba sifa za mwezi na nyota. Mimi, mwalimu wa fizikia hapa Songea, nayasifu mavi ya chuma, yale makapi meusi yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Kila Jumamosi yananijia mlangoni yamefungwa kwenye kanga, yakiitwa kimondo.

Hayaozi, hayazeeki, hayaombi chai. Lakini fadhila yao kuu ni ajira. Bonge moja la shambani hulisha ukoo mzima: aliyeliokota, shemeji mwenye simu ya kulipiga picha, bodaboda wa kulileta mjini, mganga wa kuliondolea mikosi, kijana wa kulilalia lisiibwe, dalali wa Lizaboni, dalali wa dalali, na "mtaalamu" anayelisogezea sumaku huku akiguna kama daktari bingwa. Kiwanda gani kimewahi kuajiri hivyo bila kuwasha mashine?

Sumaku inanasa, ni kweli. Hata msumari inaunasa. Litazame basi: limejaa matundu ya mapovu, na kimondo ni nadra mno kuwa nayo. Lisugue nyuma ya kigae, pale pasipong'aa. Likichora mstari mweusi au mwekundu, hilo ni la hapahapa duniani. Kimondo kwa kawaida hakichori. Kwa vimondo vya chuma, mkata maneno ni nikeli: Kimondo cha Mbozi, chenye tani zipatazo 16, kina nikeli karibu asilimia 9.

Tena si vimondo vyote ni vya chuma. Kilichoanguka Ivuna, Desemba 1938, kilikuwa cheusi, chepesi kumomonyoka, ungedhani mkaa. Zikapatikana gramu 705 hivi. Leo wanasayansi duniani kote huliita kundi zima la vimondo adimu kwa jina la Ivuna. Kingeangukia mikononi mwa mtaalamu wetu, angekipikia ugali.

Na huyo mtaalamu ndiye anayenichefua! Jiwe halijamdanganya mtu. Halikusema limetoka mbinguni. Aliyesema ni yeye, anayedai hela ya kipimo, kisha hela ya kibali, kisha nauli ya mnunuzi ambaye kila wiki amekwama Makambako, gari bovu. Juzi hila yake ilikuwa rupia za Mjerumani, zile sarafu za kikoloni. Mzee mmoja ameshauza mahindi ya akiba kumlipa, na nilipomwambia, "Shikamoo mzee, hili si kimondo," aliyenuniwa ni mimi.

Wazee wangu, acheni kulipima jiwe. Mpimeni mnunuzi: akitaka umlipe ili aje kununua, huyo ni feki, na wala hahitaji sumaku.