Sifa za Kihusishi cha Kiingereza

Katika aina nane za maneno ya Kiingereza, nomino na kitenzi zimesifiwa vya kutosha. Kihusishi hakijapata wa kukitungia hata ubeti mmoja, ilhali "in", "on" na "at" ndivyo vinavyokosesha watu wengi zaidi. Mtazame mtoto wa Ikonge, kule Nyamira. Nyumbani anasema Ekegusii, dukani anachanganya na Kiswahili, darasani anadaiwa Kiingereza. Awe katikati ya vibanda vya ndizi au langoni, Kiswahili kinaridhika na "sokoni" tu, na anayemtafuta atampata. Kiingereza, kwa ukarimu wake, kinamtaka achague kwanza. Kisha kinamfunza kwamba abiria wa basi yuko "on", wa teksi yuko "in", na wa bodaboda yuko "on" tena, ingawa wa basi ana paa na wa boda ananyeshewa. Wapo watakaodai kuna mantiki: "on" ni ya chombo ambacho mtu anaweza kusimama ndani yake. Haya, na watueleze kwa nini asubuhi ni "in", usiku ni "at" na Jumatatu ni "on". Sijasikia aliyewahi kusimama ndani ya Jumatatu.

Anayekidharau asisahau pia kwamba hiki ni cha ukoo mkubwa. Orodha ya Dionysius Thrax, Mgiriki wa karne ya 2 KK, ilikuwa na aina nane, kihusishi kikiwemo. Warumi walipokuta lugha yao haina maneno ya mfano wa "the", walikiingiza kihisishi ili nane zisipungue. Kivumishi nacho kilikaa karne nyingi chini ya nomino kabla ya kupewa kiti chake. Kihusishi hakikuguswa. Wenyewe Waingereza kiliwasumbua: mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, aliyekwisha kufa tangu 1637, kwa kukiweka mwisho wa sentensi, kisha akarudi kusahihisha maandishi yake mwenyewe yaliyokuwa na kosa lilo hilo.

Lakini sifa yake kuu iko kwenye mtihani. Karatasi ya Kiingereza ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ilikuwa na maswali 50, na 15 ya kwanza yalikuwa ya kujaza mapengo. Vihusishi havikukosa mwaliko. Hapa ndipo mtu angesema kwamba kinawasawazisha wote, kwa kuwa hakuna kanuni ya kukikariri, na mwenye kubahatisha ana nafasi moja kati ya nne, awe tajiri au maskini. Pingamizi ni kwamba mtoto wa Nairobi aliyelelewa kwa Kiingereza habahatishi; sikio lake linamwambia. Mwenzake wa Ikonge hana sikio hilo, ana kitabu cha marudio, tena pengine cha kuazima. Pingamizi hilo ni la kweli, nami nalipokea kwa mikono miwili, maana linazidisha sifa. Wizara ingetaka kuwapanga watoto kwa uwezo wa wazazi wao, ingebidi iulize mishahara, na watu wangepiga kelele. Kihusishi kinaifanya kazi hiyo kimyakimya, alama moja moja, wala hakidai posho.