Sifa za Mvua ya Desemba

Dar es Salaam inasifu watu wengi wasiostahili: washereheshaji, madalali wa viwanja, mafundi wa kesho njoo. Mvua ya Desemba, ile inayoshuka katikati ya joto la kaskazi bila kupiga hodi, sijasikia hata mmoja akiipigia makofi. Wahenga walituambia dalili ya mvua ni mawingu, lakini hii haina muda wa dalili. Saa tatu asubuhi jua linachoma bati. Kabla ya saa nne mama wa nyumba ya pili anapiga ukelele mmoja tu, "Nguo!", na mtaa mzima unakimbilia kamba, wengine wakianua hata zisizo zao.

Siongelei mafuriko. Desemba 2011 maji yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Hilo halina mzaha. Ninayoisifu ni mdogo wake: ile inayokulowesha, ikakuchelewesha, ikakuharibia viatu, kisha ikakuacha mzima na hasira zako.

Tazama kwanza inavyowafanyia ihsani watu wenye shughuli. Siku ilikuwa imeshapangwa: mahindi yakasagwe, mtungi wa gesi ukabadilishwe, gauni likachukuliwe kwa fundi cherehani, na jioni kuna kikao cha kamati ya harusi. Fundi cherehani ameapa kwa jina la mama yake kwamba gauni liko tayari, bado vifungo tu. Ukweli ni kwamba kitambaa bado kimekunjwa ndani ya mfuko uleule uliokipeleka. Bila mvua, mngekutana dukani kwake, yeye akatunga, wewe ukapandisha sauti, wateja wakageuka kutazama. Mvua inanyesha: fundi hakushona, wewe hukwenda, na hakuna aliyemdanganya mwenzake. Ni mpatanishi gani mwingine anayefanya kazi hiyo bila posho?

Kwenye kikao cha harusi ndipo inapoonyesha ukubwa wake. Udhuru mwingine wote jijini umeshachakaa. Foleni haimshangazi mtu. Msiba unaulizwa ni wa nani na anazikwa lini. Tumbo la kuendesha linaombewa dawa papo hapo na wajumbe watatu, mmoja wao akiwa na mwarobaini nyumbani. Lakini ukiandika "Mvua imenikamata huku," hakuna wa kubisha, kwa sababu mji huu ni mrefu na inaweza kumwagika Mbagala huku Tegeta wanaanika dagaa. Hata mwenyekiti wa kamati, aliyewahi kumsuta mjumbe aliyelazwa, hujibu kwa upole. Dosari iko kwa katibu. Katibu anaandika: "Pole sana ndugu yetu, usitoke. Namba ya kutuma mchango ni ileile." Mvua ina nguvu nyingi, ila miamala ya simu haijaweza kuilowesha.

Wapo wanaotoka hata hivyo, na kwao mvua ni mwalimu wa adabu. Maji yakijaa Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, na mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016 yakiwa na njia zao wenyewe ili yasikae foleni, yanakaa foleni na wote. Mitaani wanatokea vijana wa kuvusha. Bwana mwenye tai, ambaye jana hakuitikia salamu ya mtu, leo amepanda mgongo wa kijana wa buku moja, viatu mkononi, soksi mfukoni, anamwita "mkuu wangu" na kumsihi asiteleze. Sijui semina ya uongozi iliyowahi kupata matokeo hayo kwa bei hiyo. Nyuma yao anakuja mwenye kandambili, na kila hatua inamrushia tope mgongoni hadi kwenye kola, hivyo akifika ofisini hahitaji kueleza alikotoka. Mgongo umeshaeleza.

Na ukarimu wake? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20, ni lita 1,000, tenki zima, bure, limeletwa hadi mlangoni bila bili wala msukuma mkokoteni. Ndiyo maana ngurumo ya kwanza inatoa nje kila chenye tumbo: ndoo, madumu, mabeseni, sufuria ya pilau iliyonunuliwa kwa ajili ya Krismasi. Kwa kuwa bati nalo linavuja, sufuria nyingine zinabaki ndani, kila moja mahali pake, maana wenye nyumba wanalijua kila tundu kwa ukoo wake. Nikiri hapa kwamba maji si yote yanayokuja na sifa njema. Kuna majirani wanaoisubiri mvua kubwa mwaka mzima ili watapishe vyoo, na kinachopita mlangoni kwako saa tisa alasiri kilikuwa mali yao saa nane. Mwenye kusifu hupaswa kupita hapo haraka, suruali imekunjwa.

Ndani, nguo zilizoanuliwa zimetundikwa kwenye viti, mlangoni, nyuma ya friji na juu ya jiko la mkaa, na nyumba nzima inanuka sabuni na uvundo. Deki iliyopigwa asubuhi imekwisha kazi. Nyayo zinasomeka kutoka mlangoni hadi kwenye sinia la mihogo. Shule zimefungwa, watoto wote wapo, na wa jirani wamekuja kujikinga mvua huku kwao kuna bati zuri zaidi. Basi anawekewa kila mmoja pa kukaa, na wanawashiwa katuni ya Tom na Jerry.

Paka na panya hawa ndio hasa wanaoifaa siku hii. William Hanna na Joseph Barbera waliwatoa mwaka 1940, katika filamu ambayo paka alikuwa bado anaitwa Jasper, na hadi 1958 wakawa wametengeneza filamu fupi 114 na kubeba Oscar saba. Hawakuhitaji mkalimani. Filamu za mateke za kwenye mabanda ya video zilimtaka mtafsiri Lufufu atuelezee nani anamlipizia nani kisasi. Paka aliyepigwa kikaango cha uso anaeleweka Tandale, anaeleweka Tanga, na anaeleweka na bibi ambaye hajawahi kuona theluji lakini anajua panya. Muziki wa Scott Bradley ndio unaosema: ukipanda, paka anapanda ngazi, ukianguka, huna haja ya kutazama, keshafika chini.

Na Tom ni mtu wa shughuli kama sisi. Ana ratiba, ana vifaa, ana hesabu iliyopigwa vizuri, na jioni inamkuta mikono mitupu na bonge la uvimbe kichwani. Katika Mouse Cleaning ya mwaka 1948 anaingiza matope kwenye sakafu iliyotoka kusafishwa, anaonywa kwamba pakichafuka tena atafukuzwa, na Jerry anaitumia filamu yote kuhakikisha panachafuka. Mwisho makaa ya mawe yanaimwagikia nyumba. Watoto wanacheka hadi wanalala chini, kwenye sakafu ambayo mtu fulani ameshaipiga deki mara ya tatu.

Mtu huyo ana mwenzake mle ndani ya katuni. Mwenye kufagia, kufua na kumwonya paka ni mwanamke mweusi, sauti ya Lillian Randolph, na kwa miaka yote aliyokuwamo watazamaji walionyeshwa miguu, sketi na ndala zake, uso kwa nadra sana. Wamarekani weusi waliilalamikia sura hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaondolewa. Kuna haki katika malalamiko yao. Lakini kaa chini mkekani na watoto uitazame sebule kutoka pale: mama anapita, unaona kanga, ndala na tambara la deki. Uso unaonekana anapoinama kusema, "Nyanyueni miguu."

Mita ya umeme inaanza kulia. Tokeni ina tarakimu 20, mtandao unakuja na kuondoka na radi, na mwenye kusoma namba na mwenye kubonyeza wanagombana kwenye tarakimu ya kumi na nne. Umeme unakatika Tom akiwa ameshamshika Jerry mkiani. Hakuna anayelia. Wanajua Tom hamli Jerry. Wanachukua mto, mwiko na sufuria iliyokuwa chini ya tundu kubwa, wanamalizia filamu wenyewe, na maji ya tundu kubwa yanapata uhuru wa kwenda yanakotaka. Kisha mvua inaanza kupungua na kumbikumbi wanaingia kwa mamia kutafuta mwanga wa simu ya baba.

Kwa huduma zote hizi, naona mvua ya Desemba inastahili kuingizwa kwenye orodha ya sikukuu za taifa, yenye tarehe ya kuelea, itangazwe na mama yeyote atakayewahi kupiga ukelele wa nguo. Kinachonitia wasiwasi ni kimoja. Ikishakuwa sikukuu itaundiwa kamati, kamati itapata katibu, na katibu atatuma namba.