Hizo Nne Nani Kachukua?

Kwenye kampuni yetu ya kuuza majenereta, wahandisi wako ghorofani, watu wa mauzo wako chini. Mimi mtunza stoo niko kwenye ngazi, kwa hiyo kila lawama inayopanda au kushuka inanipitia.

Juzi juzi kijana wa mauzo alimuuzia mama mmoja mwenye bekari Mbagala jenereta ya kVA 20. Oveni zake za umeme zinakula kilowati 18. Kijana akapiga hesabu ya dukani: ishirini toa kumi na nane, chenji inabaki. Oveni zilipowashwa, jenereta ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima.

Mama akaja juu. Mhandisi akateremka na kalamu, akaandika ubaoni: 20 × 0.8 = 16.

“Hizo nne nani kachukua?” akauliza kijana.

“Pawafakta,” akajibu mhandisi, kisha akaingia kwenye kosaini.

“Mwanangu,” mama akamkatiza, “hiyo kosaini mimi sikuilipia.”

Mzee dereva wa lori, aliyekuwa anasubiri karatasi zake, ndiye aliyetuokoa. “Mama, hili ni basi la viti ishirini, lakini injini yake inavuta abiria kumi na sita tu.” Wote tukaelewa, hata meneja, ambaye muda wote alikuwa akitikisa kichwa kama anayejua. Mama naye akaelewa vizuri mno: akadai basi kubwa zaidi kwa bei ileile.

Uongozi ukaitisha semina ya kubadilishana ujuzi. Wahandisi wakaleta makaratasi, mauzo wakaleta maandazi. Makaratasi yote yalirudi stoo. Maandazi halikurudi hata moja.

Kilichosaidia ni kuwapakia gari moja kwenda kwa wateja. Huko mauzo wamejifunza kusoma kibati cha mota, na kwamba mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida yake. Wahandisi nao wamegundua kwamba mteja hana habari na kosaini. Anachouliza ni lita ngapi za dizeli kwa saa, jambo ambalo makaratasi yao hayakuligusa.

Nawe msomaji, ukienda kununua jenereta, usidanganywe na kVA. Uliza kilowati, kisha omba fundi aje aone mashine zako kabla hujalipa. Ukiambiwa fundi hana haja ya kuja, kunja hela yako uondoke.