Tazara ya Mezani kwa Bei ya Mwavuli Mbovu

Ndugu yangu, anayesema reli ya mezani haijengeki bila shaba ya kuagiza Ulaya, mwache aagize. Wewe uko Mbalizi. Barabara kuu ya Tunduma iko mlangoni na gereji zimejaa. Utajenga Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, na wageni watakusifu.

Kwanza, kwepa hesabu. Jenga kwa kipimo cha moja kwa mia: sentimita yako ni mita ya reli. Upana wa njia ya Tazara ni milimita 1,067. Weka milimita 10 na ushee, songa mbele. Nguzo za daraja la Mpanga zina mita 50, yaani nusu mita juu ya meza yako. Zikate kwenye sentimita 30, chini zungushia vichaka. Mgeni mwenye kikombe cha chai mkononi hapimi daraja.

Pili, tafuta mwavuli. Usinunue, subiri mwezi wa nne, mvua zikielekea kuisha na miavuli iliyovunjika ikianza kutupwa. Chomoa mbavu zake, uutazame ubavu mmoja kwa karibu: chuma chembamba kilichokunjwa kingo mbili, tayari ni boriti. Kiwandani wangekutoza kwa kukunja hivyo.

Kwenye vyuma chakavu wanauza kwa kilo, nawe unataka vitu vyepesi: spoki, waya wa kufungia nondo, makopo ya maziwa ya unga. Mwite mwenye mizani "bosi" kabla hajapima. Nenda na sumaku ya spika mbovu. Kopo likinata ni chuma chenye ngozi ya bati, risasi ya fundi redio itashika. Lisiponata ni alumini. Usihangaike nalo, tumia gundi.

Ila kitu cha reli yenyewe usiguse. Ukiletewa bolti au kibanio cha taruma kwa bei ya kutupa, kataa. Juu ya kipande hicho inapita treni yenye watu. Hapo sitanii hata kidogo.

Sasa paa la ghala la kando ya reli, na hapa ndipo utakapowashangaza. Migongo ya bati la kawaida imeachana milimita 76. Nyuzi za bolti ya milimita 5 zimeachana milimita 0.8. Kwa kipimo chetu, bolti hiyo ni kiwanda chako cha mabati! Chukua ile karatasi ya alumini iliyo chini ya mfuniko wa kopo la maziwa, kata kipande cha upana wa milimita 15, kizungushie bolti, kisha sugua kwa kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka nyuzi zijichore. Kifungue taratibu. Umepata bati la mita moja na nusu. Tengeneza mengine, uyapandanishe kama fundi wa paa, kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, hata mtoto ataona mvua ingeingia.

Rangi ya kutu usinunue. Loweka kopo lililokwanguliwa kwenye siki na chumvi, lianike. Kutu itakuja yenyewe, tena ya kweli.

Ukuta wa nyuma wa ghala weka boksi la sabuni, usukume jengo mpaka ukutani. Mgeni akiuliza umetumia shilingi ngapi, muulize kwanza yeye angekadiria ngapi. Halafu taja nusu yake.