Shika Chuma, Mzee

Mteja mgeni akifika kijiweni kwetu Tabata hutupa macho juu ya kichwa changu akimtafuta mwenye pikipiki. Mimi nimekaa juu yake, ufunguo uko kwenye swichi, helmeti iko mapajani. "Dada, samahani, dereva kaenda wapi?" Nikimjibu kwamba dereva ndiye mimi, hunyamaza kidogo, kisha huanza usaili: nimeanza lini, leseni ninayo, na mume wangu anasemaje. Leseni ya daraja A naitoa hapohapo. Swali la mume hulijibu tukishafika na nauli ikishalipwa, kwa sababu nimeona jibu hilo linavyobadilisha bei.

Wenzangu wa kijiweni wanaamini abiria wananiogopa kwa kuwa ni mwanamke. Mimi sikubali. Abiria anaogopa pikipiki, na sababu anazo. Barabara ya Mandela ndiyo njia ya malori ya bandarini. Ukisimama kwenye taa katikati ya makontena mawili, tairi liko usawa wa bega lako na dereva wake yuko huko juu ghorofani, hajui kama upo. Mtu huyohuyo akipakiwa na mwanamume huogopa kimyakimya, maana anaona haya. Akipanda kwangu anajipa ruhusa ya kuogopa kwa sauti.

Na sauti ninazisikia. Kuna anayesoma Ayatul Kursi kutoka Tabata mpaka Buguruni bila kuvuta pumzi. Kuna mama mmoja wa jirani, mteja wangu wa kudumu, ambaye kila tuta kwake ni "Yesu!", na matuta ya mtaani kwetu unayajua. Kuna wa kukanyaga breki ambayo haipo, na kwa kuwa haipo, anakanyaga kisigino changu. Wa kufumba macho huyo ndiye mtihani, kwani kila dakika ananiuliza sikioni, "Tumefika?" Nikisema bado, ananibana zaidi.

Wanaume wana tatizo lao la pekee: mikono. Akishika kiuno, kijiwe kizima kinapiga mluzi. Akishika mabega, nashindwa kugeuza shingo. Asiposhika kitu, nikiwasha tu na kuondoka, anabaki anapunga hewa. Ramadhani iliyopita nilimpakia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa anawahi Kariakoo. Shikamoo aliipokea vizuri, bei tukaelewana, ila alipopanda akachomoa mkoba wake wa ngozi, ule wa kubebea madaftari, akausimamisha katikati ya mgongo wangu na tumbo lake. Akaukumbatia mkoba.

"Mwanangu, hapa sasa pana heshima," akasema.

Heshima ilidumu mpaka tuta la kwanza. Mkoba ukaruka ukanichoma uti wa mgongo, helmeti yake ikagonga yangu kisogoni, ko!, na mzee akatamka shahada. Nikaegesha pembeni. Mkoba nikauweka mbele yangu juu ya tangi, nikamwonyesha chuma kilicho nyuma ya siti. "Shika chuma, mzee. Mkono mmoja huko, mwingine weka pajani kwako, magoti yabane siti." Akashika. Rangi ikaanza kumrudi usoni.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya kazi hii, na wala si kumwambia mtu asiogope. Neno "usiogope" linamwambia abiria kwamba kuna kitu cha kuogopa na wewe umekiona. Mwoga mpe kazi. Mimi natangaza safari kabla haijatokea: "Tuta hilo." "Nafunga breki." "Tunakata kushoto, chungulia juu ya bega langu la kushoto." Hilo la bega ndilo muhimu kupita yote. Pikipiki kwenye kona hulala, na mwoga akiona inalala hujitupa upande wa pili ili aiinue. Anadhani ananisaidia. Kumbe chombo kinakataa kona na kuelekea mtaroni. Ukimwambia achungulie bega la upande tunaokwenda, mwili unafuata macho, analala nasi bila kujua kwamba amelala.

Mzee nilimkabidhi malori: likija la kulia aniambie. Alifanya kazi hiyo kwa moyo wa mwalimu wa zamu, mpaka likawa halipiti hata guta bila taarifa. Tulipokwama kwenye foleni ya Buguruni akapata nafasi ya kuuliza kama mwanamke anaweza kuendesha kitu hiki mpaka Morogoro. Nikamsimulia Theresa Wallach na Florence Blenkiron, Waingereza wawili waliotoka London mwaka 1934 kwa pikipiki aina ya Panther, wakalivuka jangwa la Sahara, na mwaka 1935 wakaingia Cape Town. Akatafakari.

"Na nyuma alikaa nani?"

"Ilikuwa na kibehewa cha pembeni, mzee."

"Unaona? Hata wao nyuma walipaogopa."

Sikuwa na la kujibu.

Wanawake wenzangu hofu yao kubwa iko kichwani, namaanisha kwenye nywele. Sheria inataka helmeti kwa dereva na kwa abiria, na saluni haitaki. Basi wanaiweka juujuu, mkanda wa kidevu unaning'inia. Kuna dada nilimpakia Ukonga, anakwenda harusini Ilala, wigi jipya mpaka mabegani. Nikamwomba afunge mkanda, akasema ameufunga. Tulipopanda daraja la Mfugale pale TAZARA, lile lililofunguliwa mwaka 2018, upepo wa juu ukaingia chini ya helmeti ukaichukua pamoja na wigi ndani yake. Nyuma yetu kulikuwa na daladala. Konda, akiwa amening'inia mlangoni, aliona kitu cha mviringo chenye nywele ndefu kinabingirika lamini.

"Kichwaaa! Suka, kichwa!"

Daladala ikafunga breki, abiria wakasimama, mama mmoja dirishani akaanza kulia kabisa. Mimi nimeegesha, mteja wangu amekaa palepale na mabutu yake ananiambia kwa sauti ya chini, "Dada, tuondoke tu." Konda alishuka, akazunguka kitu kile mara mbili, akakigusa kwa ncha ya kiatu, kisha akatuletea kwa mikono miwili kama anakabidhi mtoto mchanga. Safari iliyobaki mkanda ulifungwa mpaka sauti ikabadilika.

Lakini hao wote mimi nawapenda. Anayenitia hofu ni jasiri. Jasiri anapanda kabla sijamkaribisha, hashiki chuma, na tukiwa mwendoni anainua makalio atoe simu mfuko wa nyuma, apige picha ya foleni. Mwingine anamuaga rafiki yake kwa kugeuka mwili mzima. Uzito wa nyuma ukihama ghafla, anayeupokea mbele kwenye usukani ni mimi, si yeye. Mwoga hatikisiki. Amekaa palepale nilipomweka, anahesabu malori. Ningekuwa na uwezo ningewapa waoga punguzo, na majasiri ningewapeleka kwa bei ya teksi.

Kwa hiyo ukija kijiweni ukiwa na woga wako, karibu, njoo nao. Niambie tu mapema, ili nipunguze mwendo kwenye matuta. Funga mkanda wa kidevu hadi usikie "tak". Kanga au gauni refu likusanye, likalie, lisifike kwenye mnyororo. Na tukifika, subiri nisimame kabisa, kisha ushukie kushoto. Ekzosti iko kulia.