Namna ya Kupata Ushahidi Bila Kuutafuta

Shuka botini kisiwani Wasini ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari wa meno. Kabla hujafika nyumbani utakuwa umeitwa "daktari" mara nne. Itika.

Babu yuko barazani, kijiti cha mswaki mdomoni. Mpe shikamoo, akishaipokea atakuuliza: "Haya, mjukuu wangu, mti huu na burashi ya dukani, kipi bora?"

Jihadhari hapa. Ukianza kulipasua swali (bora kwa nani, kwa kupunguza utando, damu ya ufizi au mashimo, na baada ya muda gani?) utaishia kupata jibu, na jibu lina kazi. Wewe washa bando, andika "mswaki ni bora". Simu ni mwungwana, haimbishii mtu. Jina la kitaalamu la mti, Salvadora persica, liepuke kabisa: litakupeleka PubMed, ambako muhtasari wa tafiti husomwa bure, na pengine Hinari, mlango ambao WHO iliufungua mwaka 2002 ili vyuo vya nchi kama yetu visome majarida ya bei ghali. Ukiingia humo hutoki mapema.

Ukibanwa, soma muhtasari. Ukibanwa zaidi, soma sentensi yake ya mwisho. Waliopimwa ni ishirini, kwa wiki tatu? Sema "sayansi imethibitisha". Nani aliyelipia utafiti, hayo ni mambo ya watu.

Weka pia akiba ya kisa kimoja cha ng'ambo. Mwaka 2016 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba ushauri wa kutumia uzi wa meno umeondolewa kimyakimya kwenye mwongozo wa lishe wa Marekani, na kwamba tafiti za kuutetea ni dhaifu. Tangaza basi kuwa uzi hausaidii kitu. Kati ya "hatujapima vizuri" na "tumepima, haufai" pana mkondo mpana kuliko huu wetu wa Shimoni, lakini nani atauvuka jioni hii?

Tatizo ni babu. Amevua maisha yake yote, na hadithi za wavuvi anazijua.

"Juzi mmoja katuletea chewa mkubwa," atakwambia, "asema ni chambo chake kipya. Nikamuuliza, wangapi wametumia chambo hicho wakatoka kapa? Maana aliyetoka kapa hapiti barazani kusimulia. Sasa hao wataalamu wako, zile tafiti zilizotoka kapa wameziandika wapi?"

Swali hilo lina sura nzima kitabuni mwako. Ni ile uliyoiruka usiku wa kuamkia mtihani.

Inua simu juu, igeuze upande wa Shimoni, kunja uso, sema mtandao umepotea.

Babu atatoa yake mfukoni. "Shika hii, mjukuu wangu. Kwangu umejaa."